Nondo si Mdudu!

Jumatatu, 3 Machi

Wamemfuta Nondo!

Wangemuua ningewasamehe. Ameshakufa mara nne: toleo la 30, la 77, la 119, na lile la kitoto la 160 ambalo kumbe alikuwa amelala tu. Kufa amezoea. Walichofanya leo ni kibaya zaidi.

Tangazo limetoka asubuhi, mkono mmoja nina chai, mwingine nina miwani ya kuchomelea. Kampuni inasema katuni ya Nondo inaanza upya. Namba moja! Matoleo yote 214 ya zamani, eti, hayahesabiki tena. Hayakutokea. Wamemzima na kumwasha kama simu iliyoganda.

Na bado. Nondo mpya ana mabawa. Jina lake, wanasema, maana yake ni yule mdudu. Ndugu yake kipepeo, anayezunguka taa mpaka anaungua! Miaka yote hii Nondo ni chuma. Nondo za zege! Mwanamke aliyeangukiwa na ghorofa, nondo zikamwingia mwilini, akasimama nazo. Nani asiyejua? Mdudu gani anazuia lori kwa bega?

Nilipiga kelele hadi Mzee Koleo akazima mashine. Mzee Koleo ndiye aliyenifundisha kuchomelea. Sasa karakana ni yangu na yeye ananifanyia kazi, jambo ambalo sote wawili hatulitaji. Akauliza nani kafa. Nikamwambia Nondo.

"Za milimita kumi au kumi na mbili?"

Nikavaa miwani.

Niandike hapa, maana nikimwambia mtu atacheka. Toleo la 88. Nondo amekatwa mkono wa kushoto. Daktari hakuna, rafiki hakuna. Anavunja mlango wa karakana, anawasha mashine, anajichomelea mkono wake mwenyewe. Kurasa sita bila neno hata moja. Nilikuwa naosha vyombo vya watu wakati huo. Sikuwahi kumwona mwanamke ameshika mashine ya kuchomelea, hata kwa picha. Kesho yake nikaenda kusimama mlangoni kwa Mzee Koleo. Akanifukuza. Nikarudi. Akanifukuza tena. Hadi alipochoka kunifukuza akanifundisha, hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenipa hata glavu moja.

Sasa kama toleo la 88 halikutokea, mimi nimetokea wapi?

Jumanne, 4 Machi

Grupu linawaka moto. Mashabiki wa Nondo tuko 61. Jana ukoo mmoja, leo kambi mbili. Sisi wa chuma tunawaita wenzetu Wadudu. Wao wanatuita Kutu. Kutu! Nimecheka, ila sikuwaonyesha.

Kinara wa Wadudu ni fundi cherehani wa ng'ambo ya soko. Kwenye grupu anaitwa Pindo. Hatujawahi kuonana, lakini tumegombana miaka mitatu bila kukosa wiki. Ametuma ujumbe wa sauti, ile sauti yake nzito, ya polepole, kama anayeongea na mtoto mzito wa kuelewa. Cherehani inakatakata nyuma yake. Anasema mwendelezo tunaoulilia ulishajifia zamani. Kovu la Nondo toleo la 41 liko shavu la kushoto, toleo la 57 liko la kulia. Mama yake kazikwa mara mbili. Ana miaka ishirini na minne tangu ninyi mkiwa shule, na leo mna mvi.

"Hiyo siyo historia, Mama Geti. Hilo ni shuka la viraka. Viraka vikizidi, mtu anakata kitambaa kipya."

(Mama Geti ni mimi. Natengeneza mageti. Mtoto sina.)

Nikawashushia nondo. Moja: toleo la 57 anajitazama kwenye kioo, kwa hiyo kovu *lazima* lihame upande, au kwenu hakuna vioo? Mbili: aliyezikwa toleo la 12 ni mama wa kambo, soma ukurasa wa tisa, chini kabisa, herufi ndogo. Tatu: chuma hakizeeki. Nne, na hii ndiyo iliyofunga kikao: fundi cherehani kushabikia nondo, mdudu anayekula nguo, ni sawa na mfuga kuku kushabikia kicheche!

Watu 19 wamecheka. Wa ishirini ni Pindo mwenyewe. Nilitaka anune!

Alhamisi, 6 Machi

Leo wamekuja watu wawili wa kampuni. Viatu vinang'aa. Wanaruka vipande vya chuma kama mbuzi kwenye matope. Wanataka sanamu ya Nondo kwa ajili ya uzinduzi, ukumbi mkubwa, Jumamosi ya tarehe 22. Kimo mita tatu. Mabawa yamefunguka, ncha hadi ncha mita nne na nusu. Nikawaambia palepale: kwa upana huo, msipompa kitako cha mita moja na nusu ataanguka kifudifudi mbele ya wageni wenu. Wakatazamana. Hawakuwa wamefikiria kitako.

Nilikuwa tayari kukataa. Mabawa! Mimi! Halafu yule mfupi akaropoka jambo. Ukurasa wa mwisho wa toleo jipya haujachorwa. Mchoraji — yule yule wa tangu toleo la kwanza, asiyeongea na magazeti, asiyeongea na mtu — amegoma kuumaliza mpaka awasikie wasomaji. Siku ya uzinduzi atasimama msemaji mmoja wa kila upande. Akishawasikiliza, ndipo Mchoraji ataamua: Nondo mpya anayakumbuka ya zamani, au hakumbuki kitu.

Kwa hiyo halijaisha!

Nimeikubali kazi. Bora nimjenge mimi kuliko mtu asiyemjua. Na nitamjenga kwa nondo. Nondo tupu, kila mshipa! Wakitaka mabawa, watapata mabawa ya chuma.

"Kitambaa cha mabawa tumeshampa fundi," wakasema. "Yuko ng'ambo ya soko."

Haiwezekani.

Mchana grupu limepiga kura. Msemaji wa Kutu, mimi. Msemaji wa Wadudu — nani tena!

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Pindo kuchukua vipimo. Kazi ni kazi.

Chumba kimoja, cherehani ya miguu, vipande vya kitambaa hadi kwenye feni. Yeye mrefu, mwembamba, tepu ya kupimia shingoni. Na mdomoni — pini! Anaongea na pini mdomoni! Ndiyo maana sauti iko vile, ya polepole. Miaka mitatu nimeidhania dharau.

"Shikamoo, Kutu."

"Marahaba, Mdudu."

Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Tukaanza vizuri, kovu, kaburi, toleo la 130 ambalo Nondo yuko miji miwili Jumatatu moja (alipanda treni, nimepiga hesabu, inawezekana akiikimbilia). Halafu akatoa pini mdomoni, akaniambia habari za mtoto wa dada yake. Binti huyo alimwomba: mjomba, na mimi nataka kusoma Nondo, nianzie wapi? Akamwambia anzia la 88, ndilo tamu kuliko yote. Ila huwezi kuielewa 88 bila ya 71. Na 71 inataka 12. Na 12, ujue, yule siyo mama yake wa kweli... Mtoto akasema basi mjomba, nimeshiba, akaenda kuruka kamba.

"Mimi mwenyewe nilidakia toleo la 151, Mama Geti. Nilikuta watu wamesimama kaburini wanalia. Simjui aliyekufa. Nikalia nao hivyo hivyo."

Anaijua 88 kama njia ya kwake! Mdudu mzima! Nilibaki natazama tepu. 

Nikapima nilichojia. Nikaondoka. Njiani nikajikuta nacheka peke yangu, mama mmoja akanipisha njia.

Jumatano, 12 Machi

Miguu na kiwiliwili tayari. Pindo amekuja kuangalia mabega.

Nimepaka poda. Kwa nini nimepaka poda ya kwenda kuchomelea? Mzee Koleo amenitazama, akatazama mlangoni, akasema leo hewa nzito. Hewa haina neno.

Jumamosi, 15 Machi

Mabawa ya chuma yamesimama! Nondo za milimita nane, nimezikunja moja moja kwenye mashine ya kukunjia hadi zikawa na mshipa kama jani. Sitaki kusifia kitu cha Wadudu. Lakini ukisimama mlangoni jua likiwa nyuma yake... Basi.

Pindo anakuja kila siku sasa. Sababu hazimwishii. Leo kaja "kuhakikisha pembe." Pembe ile ile ya jana! Nikamuuliza imehama? Akasema chuma hutanuka kwa joto, nimesoma toleo la 94. Nimemtupia glavu.

Shangazi, aliyenilea, amepiga simu. Habari zimemfikia, sijui kwa mdomo gani.

"Huyo fundi ana mke?"

"Alikuwa naye, shangazi."

"Na wewe ulikuwa na mume. Hesabu iko sawa hapo, au mimi sikusoma?"

Nikamwambia tunaongelea katuni tu. Akasema yeye na marehemu mumewe walikuwa wanaongelea bei ya mkaa tu, wakazaa sita.

Hotuba yangu sijaianza. Kila nikianza "Ndugu Mchoraji, matoleo 214 hayawezi..." nalisikia lile swali la mtoto. *Nianzie wapi?* Nakasirika. Nalo ni swali halali.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi. Ndiyo, hata mimi!

Asubuhi nilitoka kupima dirisha la zahanati. Nikamwachia Mzee Koleo maagizo: zile nondo zilizosimama pale ukutani, zikate futi moja moja. Nilimaanisha za dirisha. Fungu zima liko pale, linaonekana.

Nondo naye alikuwa amesimama pale ukutani.

Nimerudi, nimemkuta Mzee Koleo anajifuta jasho, amejaa furaha. "Tayari, Fundi. Zote. Ila zile za mgongoni zimenisumbua."

"Za mgongoni mwa nani?"

"Mwa huyo mama."

Mabawa yangu! Yamekatwa futi moja moja, sawasawa kabisa, yamepangwa sakafuni kama kuni za kupikia. Mgongoni kwa Nondo vimebaki vishina tu, urefu wa shibiri, vinane kila upande.  Nikakaa kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

"Si umesema nondo?" Mzee Koleo akaanza kukasirika yeye. "Mimi tangu nizaliwe nondo ninazozijua ni hizi! Au kuna nyingine?"

Ningemjibu nini? Hiyo ndiyo hotuba yangu ya Jumamosi, neno kwa neno! Mtu mmoja tu duniani ameamini msimamo wangu kwa vitendo, na kashika grainda ya kukatia chuma.

Ndipo Pindo akaingia. Mikononi kabeba mabawa ya kitambaa, mita ishirini na mbili, ya rangi ya kutu — ya *kutu*, kachagua mwenyewe, hakuniambia! Akamtazama Nondo. Akatazama kuni. Akanitazama mimi na sketi yangu inayochuruzika. Nikangoja anilaumu. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta, Mzee Koleo naye akaanza, nami nikaanza, na sijui tulimaliza lini.

Halafu Pindo akajifuta machozi. Akazunguka nyuma ya sanamu. Akagusa kishina kimoja kwa kidole.

"Anaota," akasema.

"Anaota nini? Ndoto?"

"Mabawa, Mama Geti. Tazama. Ni yule yule, wa chuma, ndio kwanza yanaanza kumwota." Akafikiri. "Na ndoto pia, ukitaka."

Nikasogea. Ni kweli! Mabega ni yale ya toleo la 88, mkono wa kushoto nimemwekea mshono wa kuchomelea palepale anapostahili, na mgongoni vinachomoza. Hajafutwa. Hajaanza upya. *Ameendelea.* Wala huhitaji kusoma matoleo 214 kumwelewa! Mtoto wa dada yake Pindo angemwona angeuliza jambo moja tu: halafu?

Nywele zimenisimama. Zimenisimama hata sasa ninavyoandika.

Alhamisi, 20 Machi

Kampuni imepiga simu mara tatu. Mabawa yamefunguka vizuri? Nimesema kazi inakwenda vizuri. Sikusema uongo.

Ukweli uko hivi: nondo mpya za milimita nane zimeletwa, ziko mlangoni. Siku moja na nusu zinatosha kurudisha kila kitu. Nimepiga hesabu, inatosha kabisa. Nikirudisha, wameridhika, nimelipwa, na karakana inapata jina. Nisiporudisha, huenda nisiguse kazi yao tena, wala ya marafiki zao, na huenda Mchoraji akaona sanamu mbovu ya fundi mbishi, akamfuta Nondo wangu kwa hasira. Nimesimama mlangoni na electrode, kijiti cha kuchomelea, mkononi hadi chai ikapoa.

Nikamwambia Pindo: ni jasho lako pia. Mita ishirini na mbili, mishono yote kwa mguu. Ukisema turudishe, narudisha.

Akakaa kwenye ile ndoo (kavu). Pini hana mdomoni.

"Mabawa yangu yatangoja. Yakishaota vizuri tutamvisha. Toleo la mia tatu huko." Halafu, akiangalia viatu vyake: "Mama Geti, nimefikiri. Mimi namba moja siitaki tena. Mtu aliyekwisha kuishi huwezi kumwanzisha upya, utamwonea. Nataka kudakia hapo ulipofika. Yaliyopita utanisimulia taratibu."

Nikasema ndiyo, hata Mchoraji tumwambie hivyo hivyo, ni hoja nzuri sana kwa Nondo.

Akanitazama. "Sikuwa naongelea Nondo."

Mzee Koleo akaangusha spana. Makusudi, namjua.

Nikawasha mashine! Nikachomelea kitu. Sijui nini. Baadaye nimekiangalia, nimeunganisha kiti na meza.

Mabawa sijarudisha.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nyuma ya pazia, kwenye kreti la soda. Ukumbi umejaa. Nawasikia Kutu na Wadudu wanazomeana. "Mdudu haaa!" "Kutu hooo!" Watu wazima, wake kwa waume, wengine wana wajukuu! Nawapenda wote. Kichwa chepesi kama nimekunywa kitu.

Nondo yuko katikati ya jukwaa, amefunikwa shuka jeupe. Yule mfupi wa kampuni amelizunguka mara mbili. Mbona mabawa hayatokezi? Pindo akamjibu, uso mkavu kabisa: "Yamekunjwa." Yule akaandika kwenye simu yake, *yamekunjwa*, akaenda. Nimeuma kiganja nisipasuke.

Hotuba ninayo mfukoni, mistari mitano. Ya Pindo pia ni mistari mitano. Tulibadilishana asubuhi tusome. Mistari yake minne ni ile ile yangu! Wa tano hakunionyesha, kaufunika kwa kidole gumba.

Sasa hivi ametokea Mchoraji. Mtu mfupi, koti kubwa, kalamu tatu mfukoni. Hakusalimu mtu. Ameinua shuka kwa nyuma, kichwa na mabega vikaingia ndani kama fundi wa picha wa zamani. Kakaa humo. Kakaa sana! Nikaona mkono unapapasa chini ya kitambaa, unapita kwenye mshono wa mkono wa kushoto, unapanda mgongoni. Unasimama kwenye vishina. Unavihesabu.

Katoka. Macho mekundu, au ni vumbi. Akaniuliza mimi ndiye fundi. Nikasema naam. Akauliza: "Hii ni ya themanini na nane?"

Nikaitikia kwa kichwa tu. Mimi, niliyewanyamazisha watu 60 kwenye grupu!

Akaniomba chaki yangu nyekundu, ile ya kuchorea chuma. Nikampa. Akaweka ukurasa mweupe juu ya kifuniko cha spika, akaanza kuchora, kwa chaki! Kaninyooshea kidole cha kusubiri, hivi, bila kugeuka.

Anachora bado. Kutoka hapa naona mgongo wake tu. Kampuni wanamwonyesha saa. Hasikii.

Wametuita. Si mmoja mmoja kama tulivyokubaliana. Yule mfupi kachanganya karatasi, katutaja "wasemaji" kwa pamoja. Pindo amesimama. Ananyoosha mkono, vidole vina mafuta ya cherehani. Wangu una masizi hadi kwenye kucha, nilisahau kunawa. Ameushika hivyo hivyo; naandika kwa mmoja uliobaki.

"Unaanza wewe au naanza mimi?" ananiuliza.

Namwambia tudakie hapo hapo tulipofika —

Mzee Koleo ameshika kamba ya shuka. Nani kampa kamba?! Ananitazama, anangoja amri yangu. Safari hii sisemi neno lolote lenye nondo ndani yake. Nimeitikia kwa kichwa. Anavuta —